Kapu la sokoni: nailoni, katani au ukili? Wafumaji wa Tanga naombeni mawazo

BintiChumbageni:
Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Vitambaa vya makochi nafuma kitambo, sasa nataka kuhamia kwenye makapu na vizulia vya mlangoni niwe nauza hapa Ngamiani. Naona wengine wanafumia mifuko ya nailoni iliyokatwakatwa, wengine kamba ya katani, bibi yangu yeye ukili tu, ile mikanda ya majani ya miyaa ya kusuka. Kipi kinadumu na hakinimalizii mtaji?

MamaKroshia:
Marhaba mwanangu. Nailoni, mtaji wake mkasi na sindano nene ya kroshia, milimita 6 mpaka 8, ile ya vitambaa itakuumiza vidole bure. Mfuko unaulaza, unatoa mshono wa chini, unakunja mara mbili tatu alafu unakata vipande vya upana wa vidole viwili, kila kipande ukikifungua ni ringi. Ringi unaipitisha kwenye mwenzie unavuta kama unaunga rababendi, polepole maana ukivuta kwa hasira inakatika. Ukishaviringisha donge lako anza duara la kitako kwa singo (yale mashono mafupi ya kroshia) za kubana, unaongeza mpaka kitoshe ndo unapanda juu bila kuongeza. Na ukusanye mifuko ya kutosha, kapu moja linameza nailoni mpaka utashangaa.

Mzee_wa_Pangani:
Mifuko ya kubebea si ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019? Kukutwa nayo tu faini inaanzia elfu 30. Tupo mkoa wa mkonge, tunaacha cha asili tunahangaika na taka.

MamaKroshia:
Shikamoo mzee wangu. Rambo hatugusi, ila vifungashio vya vyakula vipo kibao, mifuko ya mkate, nailoni ya ndani ya viroba vya sukari, pakiti za maziwa (hizi zifue kwa sabuni siku hiyohiyo, mafuta yakigandia kapu litanuka na mteja atakurudishia). Na asili gani, mkonge si aliuleta Mjerumani Hindorf 1893 kutoka Florida, ukaanzia hukohuko kwenu Pangani?

Mzee_wa_Pangani:
Marhaba. Hapo umenikamata 😂 lakini hilo kapu lako lipakie nazi na mihogo uone linavyorefuka mpaka magotini.

FundiSalfeti:
Mzee kasema kweli, nailoni inavutika na ikishavutika hairudi. Dawa ni kuchanganya. Mikono chukua kamba ya katani, uizungushie singo za nailoni mpaka isionekane kabisa, na usiishonee pale ukingoni tu, ipitishe chini ya kitako itokee upande wa pili. Hapo uzito unabebwa na katani na kiganja hakichomwi. Katani tupu mi sikushauri, vidole vinachubuka, na ikilowa masika hii haikauki upesi, inaota ukungu.

DadaDeepSea:
Kwa sisi wa samaki nailoni haina mpinzani, hainywi maji, unasuuza unaning'iniza kesho unaingia nalo tena kazini. Ila likae kivulini jamani, kuna jirani yangu la kwake linashinda juu ya bati, limekauka linapukutika vipande na vyote vinaishia baharini. Na sufuria ya moto usiweke kabisaa, nailoni inayeyuka.

Bi_Miyaa:
Ukili haufumwi kwa kroshia mwanangu, unasukwa kwanza ndo unashonwa, hiyo fani nyingine na bibi yako yupo mfuate akufundishe. Bei yake pia nyingine, anayetaka kapu la ukili la kupeleka zawadi hatokupa hela hiyohiyo kwa la mifuko ya mkate hata ulifume vipi. Na mkeka wa kulalia wa nailoni mimi siutaki, joto la Tanga hili utaamka umeloa jasho. Kizulia cha bafuni sawa.

BintiChumbageni:
Asanteni sana, basi naanza na kapu la nailoni lenye mikono ya katani. Rangi je, inapakwa?

MamaKroshia:
Haishiki hiyo, itabanduka. Rangi ni ya mfuko wenyewe, zitenge kabla hujaanza kukata, la sivyo utaishiwa nyekundu katikati ya kapu na mkate wenye mfuko wa rangi ile dukani hakuna.

FundiSalfeti:
Nailoni nyeusi ninazo za kugawa, nitafute inbox.