Marekani ukiongoza kura za maoni, nani anakata jina lako?

Mkulima wa Uyole:
Wakuu, poleni na baridi. Mimi ni mjumbe wa chama changu ngazi ya kata, Uyole hapa Mbeya. Juzi nashona magunia ya viazi, redioni wanamzungumzia Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala. Juni 2025, akiwa na miaka 33, alimbwaga gavana wa zamani Andrew Cuomo kwenye mchujo wa chama cha Democratic, umeya wa New York. Vigogo wengi walikuwa upande wa Cuomo, na jina la kijana halikuguswa!

Mwaka fulani sisi tulimpitisha mwalimu mmoja kijana, akaongoza. Tukachinja mbuzi. Jina lililorudi kutoka juu lilikuwa la mshindi wa tatu. Sasa wenzetu kule majina yanapelekwa wapi?

Dada wa Kihesa:
Kaka, hayapelekwi popote. Wajumbe hawapo. New York anapiga kura yeyote aliyejiandikisha upande wa Democratic kwenye daftari la wapiga kura, na anayesimamia ni bodi ya uchaguzi, siyo makao makuu ya chama. Ndiyo maana 2018 Alexandria Ocasio-Cortez, aliyewahi kuhudumu baa, alimwangusha Joe Crowley, mbunge wa vipindi kumi. Kura zote hazikufika 30,000. Kwa idadi hiyo, anayegonga milango kila jioni anamtoa jasho mwenye cheo.

Konda Makambako:
Dada, usituuzie mbuzi kwenye gunia. Kule hawakati kwa kalamu, wanakata kwa hela. Jamaal Bowman, wa mrengo wa kushoto kama hao wawili, alimtoa mbunge mkongwe wa New York, Eliot Engel, 2020. Ilipofika 2024, kundi la watetezi wa Israel likamwaga zaidi ya dola milioni 14, akapita mpinzani wake George Latimer. Mbunge Cori Bush wa Missouri naye hivyohivyo, wiki sita baadaye.

Mkulima wa Uyole:
Nimekuelewa Konda, ila Bowman aliangushwa na kura, hata kama watu walishindiliwa matangazo. Halafu Cuomo aliposhindwa aligombea tena Novemba bila chama, akapigwa mara ya pili. Mwalimu wetu angekwenda wapi? Mahakama ya Afrika, iko hapohapo Arusha, ilisema tangu 2013 mgombea binafsi aruhusiwe. Tumeingia uchaguzi wa 2025 na bado ni kwamba bila chama hugombei.

Bado anafundisha. Juzi kaniuliza kama nitamchangia hela ya fomu tena. Nimemwambia fomu sawa, ila mbuzi safari hii asubiri jina lirudi.