Dopla imeonyesha damu inapita kwa shida, kuna chakula cha kusaidia?

Mzee wa Tandika: Habari zenu wakuu. Waifu ana mimba ya wiki 30, juzi kapigwa utrasaundi ya dopla, ile inayopima damu inavyopita kwenye mishipa, daktari akasema damu kwenye mshipa wa kitovu inapita kwa shida kidogo na mtoto mdogo kuliko wiki zake, turudi wiki ijayo. Sasa hapa nyumbani kila mtu daktari, mama mkwe anasaga bitiruti asubuhi na jioni, dada kaleta juisi ya rozela eti inashusha presha, mwenyewe anataka udongo wa pemba tu. Nimpe nini?

Mama Wawili: Pole kaka. Bitiruti mwache anywe ila msitegemee miujiza. Rozela achana nayo kwa mjamzito.

Nesi wa Zamu: Mkuu, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma inatanuka nusu ya kwanza ya mimba, ikigoma huko huwezi kuja kuitanua wiki ya 30 kwa sahani ya mchicha. Ndo maana wenye hatari ya kifafa cha mimba wanaanzishiwa asprini ndogo kabla ya wiki 20, na daktari lakini sio dukani. Ila chakula kina kazi yake, WHO wanashauri kalsiamu gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku kwa wanaoipata kidogo, inapunguza kifafa cha mimba. Dagaa wa kuliwa na miba yake, maziwa, na ashibe haswa, mayai, maharage. Akipewa vidonge vya kalsiamu asimeze wakati mmoja na fefo (vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi), na fefo asishushie chai, madini ya chuma hayafyonzwi vizuri. Udongo hivyo hivyo, na minyoo juu. Nyumbani pasivutwe sigara, nikotini inabana mishipa.

Kipanga: Mbona bibi zetu walikula pemba na wakazaa vizuri tu

Nesi wa Zamu: Bibi yako alipimwa dopla wapi?

Mzee wa Tandika: 😂 Asante sista. Presha ilikuwa 130/85, ni juu?

Nesi wa Zamu: Ya kuangalia kwa karibu. Ikigonga 140/90, au kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu, mtoto kapunguza kucheza, hiyo wiki ijayo msiisubiri, nendeni hata saa nane usiku. Na alale ubavu, sio chali.