Tamasha la fasihi Tanga: mashairi yamepelekwa pangoni, washairi wameachwa mlangoni

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Na nyie wa "punguza wivu" someni kwanza mpaka chini, matusi yenu yatasubiri.

Nazungumzia tamasha la fasihi na sanaa lililomalizika juzi hapa Tanga. Jina silitaji, aliyepo mjini analijua, mabango yao bado yananing'inia mpaka leo. Wazo lenyewe halina ubaya: yatoeni mashairi na michoro kumbini, yapelekeni pasipozoeleka. Mapango ya Amboni, behewa kuukuu la treni, ghala la mkonge, soko la samaki la Deep Sea. Ukisikia hivyo unasema hawa wana akili.

Kumbe walichotafuta ni mandhari. Droni ilipata nafasi nzuri kila siku, msikilizaji hakupata. Hakuna hata mmoja kwenye ile kamati aliyejiuliza: mtu akisimama hapa akaghani, anayekaa pale atasikia nini? Hasira yangu yote inatoka hapo, haya mengine ni matawi.

Nianze na Amboni maana ndiko walikojisifia zaidi. Kiingilio 20,000, usafiri juu yako, na Amboni si Barabara ya Nne kwamba utatembea kwa miguu. Mama anayekaanga mihogo Makorora, ambaye ana beti za taarabu kichwani kuliko wanakamati wote wakiunganishwa, ataitoa wapi hiyo 20,000? Haya, tuseme kaitoa. Anafika anakuta viti vya mbele vina karatasi: wageni maalumu. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Safari hii mwenyeji kasimama nyuma kwenye giza, anakanyaga kinyesi cha popo.

Wakaweka spika mbili kubwa ndani ya pango. Pango! Nani aliwashauri? Shairi letu lina mizani 16 kwa mstari, kuna kituo baada ya ya 8, na kina cha kati kinakaa palepale kwenye kituo. Anayeghani huivuta sauti pale makusudi ili sikio likikamate kina kabla hajaendelea. Sasa ndani ya chumba cha mawe ya chokaa ile sauti iliyovutwa inakwenda ukutani, inarudi, inaikuta nusu ya pili ya mstari imeshaanza. Vina vinapandana. Binti mmoja kaghani shairi zuri kabisa (nililisoma baadaye kwenye simu yake) na hakuna aliyeambulia zaidi ya "aaa" na "iii". Angesimama bila kipaza sauti, watu wakamzunguka, akaghani taratibu, pango lingembeba. Mafundi wa maneno wa mji huu wangewaambia hayo bure, kama wangeulizwa.

Halafu saa. Wameanza saa kumi na moja na nusu jioni. Mtoto yeyote wa Kiomoni anajua kwamba magharibi ikiingia popo wa Amboni wanatoka, na hawatoki watatu. Mshairi mgeni kafika ubeti wa nne, mbawa zinapita juu ya kichwa chake, karatasi chini, watu wanapiga kelele, na mpiga picha anafurahi eti "picha kali". Wale popo wako kwao. Nani aliwafungulia spika nyumbani?

Na kuna jambo ambalo waliohudhuria wengi hawakulizingatia. Ndani ya yale mapango kuna sehemu watu wanapeleka matambiko mpaka leo, utakuta vitambaa, ubani, vyakula. Wewe amini usiamini, hilo ni lako na Mola wako. Lakini msanii mmoja kaja na taa zake za rangi, kazipanga katikati ya nadhiri za watu, kaita ni kazi ya sanaa. Angeingia msikitini au kanisani akapanga taa zake kwenye sadaka za watu angetoka salama? Na mtembeza wageni alimwambia. Kajibiwa kwamba kibali kipo.

Sasa njooni kwenye hili lililonifanya nikae kuandika usiku huu.

Palikuwa na mzee mmoja, simtaji, katoka upande wa Pangani kwa daladala na utenzi wake kwenye daftari la shule. Ratiba imeandika "washairi wa nyumbani, dakika 5 kila mmoja". Wanaojua utenzi wameshacheka. Utenzi hauanzi kwa hadithi, wakuu. Unaanza kwa kumtaja Mungu, unamsalia Mtume, unaomba kalamu, karatasi na wino, unaeleza kwa nini umeamua kutunga, ndipo unaingia. Hiyo dibaji peke yake, ukiighani kama inavyopasa, inamaliza hizo dakika 5 na chenji haibaki. Mzee kafika kwenye wino, MC kijana anamgusa bega: "Babu, muda umekwisha." Mzee akamwangalia, akasema, "Mwanangu, sijaanza." Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Kakunja daftari, kashuka.

Hii ndiyo pwani ya Mrima, jamani. Hapa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Abushiri na Wajerumani, beti mamia kwa mamia, na watu walikaa wakausikiliza. Hawakuwa na ukumbi wala kibali. Walikaa barazani, uwanjani kwenye ngoma, harusini, jahazini wakingoja upepo. Hayo maeneo "yasiyo ya kawaida" ndiyo makao ya ushairi wetu tangu na tangu. Kuyagundua leo ni sawa na mtu kuja Tanga kutugundulia nazi.

Baada ya mzee kushushwa, unajua kilichofuata? Mjadala wa watu wanne kutoka Dar na ng'ambo, dakika 50, mada ikiwa mustakabali wa fasihi ya Kiswahili. Ukaendeshwa kwa Kiingereza. Siongezi neno.

Ghala la mkonge nalo. Pale kulikuwa na kazi nzuri, nisiwe mnafiki: kuna dada kasuka singa za mkonge kuanzia darini mpaka sakafuni, ukipita katikati unasikia harufu yake kama uko kwenye korona, kiwanda cha kuchakata mkonge. Nilisimama pale kwa muda. Lakini maelezo ukutani ni Kiingereza kitupu, na yanasimulia jinsi Mjerumani Hindorf alivyoleta miche ya mkonge mwaka 1893, mingi ikafa njiani, michache ikapona, mkoa ukatajirika. Basi. Manamba wako wapi? Wale walioletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi, wakaitwa kwa namba badala ya majina yao? Watu wengi wa Muheza na Korogwe ni wajukuu zao. Kulikuwa na mzee mlinzi pale getini ambaye baba yake alikata mkonge, kanihadithia habari za kutosha kujaza ukuta mzima. Hakuna aliyemuuliza. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi na kukataza watu wasiguse.

Behewani sikukaa. Bati, jua la saa nane, madirisha mawili hayafunguki, watu kama arobaini. Mwandishi anasoma huku anajifuta jasho kwa hadithi yenyewe. Nilitoka.

Deep Sea ndiyo kichekesho. Wamesimamisha jukwaa asubuhi, saa ya mnada, samaki ndiyo wanashushwa. Akina mama wa kukaanga wakaambiwa wasogeze makarai yao kwa sababu moshi unaharibu picha. Wasogeze waende wapi, baharini? Mshairi kapanda, kaanza kusoma kwa sauti ya kuomba radhi. Mita kumi kutoka pale mnadishaji kanyanyua changu, kafungua kinywa: bei, sifa za samaki, kejeli kwa mnunuzi bahili, utani kwa mnunuzi mnene, yote kwa mapigo, hakosei hata pumzi. Watu wote wakageuka kwake. Hata wageni wenye kamera wakageuka. Kama kamati ingekuwa na masikio ingempa yeye kipaza sauti na kumlipa.

Malipo ndiyo usiseme. Washairi wa hapa wamepewa fulana, cheti na chupa ya maji. Nauli "italetwa". Mafundi wa droni walilipwa siku hiyohiyo, niliona mwenyewe wakihesabu.

Na kwa hayo yote, kuna mahali pamoja hawakukanyaga. Vibambani, Machui. Kaburi la Shaaban Robert liko pale, alikozaliwa mwaka 1909, alikozikwa mwaka 1962. Si mbali na mjini, bodaboda wanapafahamu. Picha yake wameipiga chapa kwenye fulana, wameiweka kwenye mabango, MC kaliimba jina lake kila asubuhi. Kwake hawakwenda. Pale hakuna mwamba wa kupendeza wala reli ya Mjerumani, kuna kijiji na minazi na watu wanaoishi. Mngekodi Coaster mbili, mkatandika mikeka, mkawaomba wanakijiji wakae mbele, mkampa yule mzee wa Pangani saa nzima na kikombe cha kahawa, mngekuwa na tamasha ambalo watu wangelisimulia. Lingegharimu kiasi gani? Haifiki hata kodi ya zile spika mbili.

Ninachotaka ni hiki. Kamati iweke hadharani mapato na matumizi, maana mlichangisha kwa jina la Tanga. Washairi walipwe nauli zao wiki hii. Na mwakani kabla hamjachagua mahali, mpelekeni mtu mmoja asimame pale aghani beti kumi bila spika, mwingine akae mwisho kabisa asikilize. Asiposikia, hameni.

Nawasilisha.

NYONGEZA: Naona kuna mwanakamati kajitokeza humu kwa jina la bandia kasema "changamoto za mwanzo, tupeane moyo". Mkuu, mwaka juzi mlisema hivyohivyo, na mwaka juzi ilikuwa mara ya pili.

NYONGEZA 2: Anayeuliza utenzi wa yule mzee unahusu nini: unahusu mafuriko, na sasa umefika mjini kwa picha za simu, kurasa zote za daftari, kwa ruhusa yake. Vijana wa Ngamiani wameomba aje aughani Ijumaa baada ya isha, barazani, Barabara ya 12. Hakuna kiingilio. Kahawa na kashata mtanunua wenyewe.

NYONGEZA 3: Mwenye namba ya mwenyekiti wa kamati amtumie huu uzi. Mimi ameshanipiga bloku.