Mtoto karudi nyumbani, mbona kesi haifungwi?

Assalaam alaykum jamaa,
Niko Coventry, England, kwetu Mtambwe, Pemba. Mwanangu wa miaka 7 alichukuliwa na kaunsili (halmashauri ya mji) mwaka jana, na alhamdulillah karudi kwetu tangu kabla ya Ramadhani. Nilidhani yamekwisha. Lakini sosho (afisa ustawi wa jamii wa kaunsili) bado anakuja kila wiki mbili, anafungua friji, anauliza mtoto kalala saa ngapi. Bibi yake huko Pemba mgonjwa, anataka kumwona, na skuli zinafungwa Julai. Nikiuliza kesi itafungwa lini naambiwa "tutaona". Aliyepitia haya anisaidie.
Baba wa Mtambwe

Kaka, unajitesa bure. Mtoto si wako? Kata tiketi, mkifika Unguja pandeni boti mpaka Mkoani, tuone nani atawafuata.
Kijana wa Konde

Wa alaykum salaam kaka yangu, na pole na mgonjwa. Wewe wa Konde, mdogo wangu, hilo usimshauri mtu mwenye faili.

Naandika nipo barazani Limbani, Wete. Karafuu zimeanikwa mpaka mlangoni na mwanangu yuko na wenzake wanaokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini. Tumekuja bila kuzuiwa na mtu, lakini ni miezi 16 tangu arudishwe kwangu.

Kosa langu lilikuwa hilo lako. Siku aliporudi nilipika pilau, nikaita watu, nikaona yamekwisha, nikaacha kupokea simu za sosho. Akaandika kwamba mama hashirikiani. Neno hilo nililikuta kwenye kila ripoti iliyofuata.

Kabla ya kuuliza kesi itafungwa lini, tazama ni karatasi gani iliyokushika. Nasema ya England, walio Glasgow, Scotland, wana sheria yao. Sheria ya Watoto ya 1989 ina vifungu, na namba ya kifungu ndiyo itakayokwambia nani mwenye ufunguo. Kama ni kifungu cha 20, mtoto alikwenda kwa ridhaa yenu na mahakama haikuingia. Akisharudi, mara nyingi kinachobaki ni mpango wa kifungu cha 17, wa kumsaidia mtoto mwenye mahitaji, ambao ni wa hiari. Unaweza kuukataa, ila pima kwanza, maana ukiukataa na wao bado wana wasiwasi, wanaweza kupanda ngazi nyingine. Kama yuko kwenye mpango wa ulinzi wa mtoto, kuutoa ni kazi ya kikao cha wataalamu wanaomshughulikia mtoto, si ya sosho peke yake. Kikao cha kwanza cha kuupitia huwa ndani ya miezi 3, kisha kisizidi miezi 6.

Mimi nilikuwa na amri ya usimamizi ya mahakama. Hiyo ni nyepesi: ya mwaka 1, ukipita inakufa yenyewe, ila kaunsili wakirudi kwa jaji kuomba iongezwe, na hata hivyo haivuki miaka 3. Yangu ilikufa, nikabaki na kifungu cha 17 miezi 4.

Ya kuogopa ni amri ya malezi, kifungu cha 31. Hiyo mtoto anaweza kulala kwako, kula kwako, na kaunsili bado ni mzazi mwenzako kwa sheria mpaka afike miaka 18. Sosho hata akikupenda vipi hana uwezo wa kuifunga. Anayeiondoa ni mahakama, kwa kifungu cha 39, na wewe mzazi unaruhusiwa kuomba. Ila usiende mikono mitupu, kwa sababu ukikataliwa unakaa miezi 6 kabla ya kuomba tena, isipokuwa mahakama ikupe ruhusa. Na amri hiyo ikiwepo, kumtoa mtoto Uingereza bila idhini ya maandishi ya kila mwenye haki ya uzazi, au ruhusa ya mahakama, ni kosa. Ndiyo maana nimemkatiza wa Konde. Pemba utafika. Mtoto utamrudisha wapi?

Kilichonisaidia ni daftari. Kila akija sosho naandika tarehe na maneno yake, jioni namtumia barua pepe: leo umesema hivi, mimi nimefahamu hivi. Kisha swali moja kila kikao: kimebaki nini hasa ili mfunge, na kiwe kimekwisha tarehe gani? "Tutaona" ni ngumu kuiandika mbele ya watu sita.

Na ombeni mkalimani, ni bure, hata kama Kiingereza cha dukani mnakijua. Ila msikilizeni! Kesi yangu ilianza na mwiko wa kupikia, sitaki kueleza zaidi. Kikaoni nikasema siku hizi mwanangu namfunza adabu kwa maneno. Mkalimani akasikia adhabu. Nilikiona kwenye kumbukumbu za kikao baada ya wiki, nikaandika barua siku ileile wasahihishe.

Kikao cha mwisho niliwaambia nataka kwenda Pemba wiki 6. Wakauliza nyumbani kwenu anaishi nani. Nikawatajia 14. Atakayemwangalia mtoto ni nani? Nikasema sote. Sosho akaweka kalamu chini. Kwao "sote" maana yake hakuna mtu! Ikabidi nimchague mama na khaloo, niandike umri wao na simu zao. Baba naye akaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kuchukua barua ya kuthibitisha nyumba, nami nikakaa nusu saa kueleza sheha ni nani. Nilicheka njiani, lakini barua ile ilitiwa kwenye faili.

Wakishafunga, dai barua yenye tarehe. Faili halichomwi: mtoto aliyewahi kulelewa na kaunsili, lake hutunzwa mpaka atimize miaka 75. Unaweza kuomba nakala bila malipo, na kwa kawaida wana mwezi 1 kukujibu. Mimi niliomba ili nijue wameandika nini juu ya mwiko.
Mama wa Limbani

Dada, nimeitafuta karatasi. Ni kifungu cha 31. Pasipoti pia wanayo wao, nilikuwa nimesahau kabisa. Jumatatu nampigia wakili. Bibi yake nitamwambiaje?
Baba wa Mtambwe

Mwambie kweli, kwamba mtoto yupo kwako na anakula vizuri. Omba idhini ya safari kwa maandishi sasa hivi, usingoje mahakama, wakikataa utakuwa na sababu zao mkononi. Anakaa kitongoji gani? Ijumaa napita Mtambwe, nitamkalia kidogo, na ukinitumia picha za mjukuu nitamwonyesha.
Mama wa Limbani