Beetle ya 1972: nitie silinda za 87 au niiache 1300? Naomba ushauri

KobeBuluu
Wadau, habari za jioni. Nina Volkswagen Beetle ya 1972 niliyoachiwa na marehemu baba. Injini ni ya cc 1300, imeshushwa, iko juu ya meza ya fundi kule Kariobangi. Nataka ikirudi iwe na nguvu kidogo zaidi. Si ya mashindano. Nataka tu tukitoka Naivasha na mama ndani, nipande kutoka Mai Mahiu hadi Rironi bila kurudi gia ya pili na malori kunipigia honi mgongoni. Fundi anasema nitie seti ya pistoni na silinda za milimita 87, huingia zenyewe bila kukata kitu, na injini inakuwa cc 1641. Swali langu ni kabureta tu: Solex moja itatosha, au nifunge mbili? Jumamosi anaanza kufunga.

MzeeWaNgara
Kijana wangu, umenirudisha mbali. Mwaka 1962 nilikuwa na miaka tisa, Tommy Fjastad aliposhinda mbio za magari za Safari kwa Beetle. Na haikuwa mara ya kwanza, Beetle ilishashinda 1953, 1954 na 1957. Mvua, matope ya kufika magotini, na kigari kile kinapita kikikoroma magari makubwa yakivutwa kwa kamba. Mjomba wangu alinunua yake baada ya hapo, akabeba viazi kutoka Kinangop hadi mjini miaka kumi na minane. Usiiuze.

ProboxDaima
Mimi nasema uiuze. Pesa ya pistoni, fundi, kabureta mbili, ongeza kidogo upate gari lenye mkanda wa usalama unaoshika. Unambeba mama, ndugu. Mzazi habebwi kwa majaribio.

DadaSpana
KobeBuluu, kabla ya kabureta: injini ilishushwa kwa nini? Mtu hashushi injini kwa sababu ya honi za malori.

KobeBuluu
Ilikuwa na kelele kidogo, dada. Na oili ilivuja. Mambo ya uzee. Ila tusitoke kwenye swali. Hedi zangu, vile vifuniko vya silinda, zina tundu moja la hewa kila upande, kwa hiyo sijui kama kabureta mbili zitakuwa na faida.

FundiMkimya
Kelele ya aina gani? Ukishika puli ya mkanda wa feni kwa mikono miwili ukavuta na kusukuma, unasikia nini?

KobeBuluu
Tok. Ukivuta, tok. Ukisukuma, tok. Lakini fundi amesema pistoni mpya zitatuliza.

FundiMkimya
Hazitatuliza. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inatakiwa kucheza mbele na nyuma kati ya milimita 0.07 na 0.13. Ikipita 0.15 ni ya kurekebishwa. Ukiisikia kwa sikio, ujue ilishapita zamani. Bloku ya Beetle ni aloi ya magnesi, metali laini. Meni beringi, ile inayobeba krenki, inagonga kiti chake mwaka baada ya mwaka hadi kinakuwa na umbo la yai. Kiti hicho huchongwa upya kwenye mashine, laini nzima kwa pamoja, kisha zinawekwa beringi za saizi iliyozidi. Kazi hiyo ndiyo ya kwanza. Pistoni zinafuata baadaye sana.

Na jambo ambalo wengi hawalihesabu: Nairobi tuko mita 1,700 na ushee juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake hata kabla hujatoka getini. Hiyo 1300 ilitoka kiwandani na mgandamizo wa kama 7.3 kwa 1. Kwa hewa ya hapa unaweza kufika 8 kwa petroli ya kawaida bila kugonga. Ukipima vizuri nafasi ya juu ya pistoni, ukachagua jeti ya kabureta iendane na hewa yetu, ukaweka pointi za kuwasha cheche sawasawa, utaona tofauti kwenye mlima ule bila kununua kabureta ya pili.

KobeBuluu
Asante fundi, ila nimeshalipa dipositi ya hizo 87. Elfu thelathini, hairudi. Na fundi wangu ni mtu mwaminifu, tulichimba naye kaburi la mzee. Siwezi kumwambia hajui kazi.

DadaSpana
Hakuna aliyesema si mwaminifu. Ngoja nikuambie yangu. Mimi nina Kombi ya 1600 na nilitia hizo hizo za 87. Nilipoitoa ya kwanza kwenye karatasi niliishika mdomo wake kwa vidole viwili, nikaona ukuta ni mwembamba mno. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshalipa, kama wewe. Miezi ya kwanza ilivuta vizuri sana, nilimpeleka mwanangu shule Nakuru kwa raha. Kabla mwaka haujaisha ikawa inakula oili. Tulipofungua, silinda zilikuwa zimepinda kwa joto, unaona kabisa mahali pete za pistoni zimesugua na mahali hazikugusa, mistari ya rangi mbili. Nikarudi 85.5 ya kawaida, ukuta mnene, 1584, na inatembea hadi leo.

ProboxDaima
Ndiyo nilichosema. Uza.

KobeBuluu
Dada, yako pengine ilipikwa na joto la Kombi, gari zito. Yangu ni nyepesi. Na kipoza oili changu ni kizima, kimesimama ndani ya boksi la feni juu ya silinda ya tatu, nilikiosha mwenyewe kwa petroli.

JichoKali
Simameni hapo. Nimesoma uzi huu mara mbili. Beetle ya 1300 ya 1972 ina matundu mawili ya hewa kila hedi, na kipoza oili kilishahamishiwa kwenye kibanda chake nyuma ya boksi la feni, ili silinda ya tatu isipikwe. Huyu anasema tundu moja, na kipoza ndani. Hiyo ni injini ya kabla ya Agosti 1970. Ama hana gari, ama anatuficha kitu. Watu wazima mnampa elimu ya bure mtu anayetunga.

MzeeWaNgara
Jicho, pole pole. Mtu anaweza kubadilisha injini.

JichoKali
Basi angesema. Aseme herufi za mwanzo za namba ya injini na zilizo kwenye logibuku, kadi ya gari.

DadaSpana
KobeBuluu, jibu tu, hakuna atakayekula mtu.

KobeBuluu
Samahani nimekawia. Nimetoka Kariobangi sasa hivi, nilienda na tochi ingawa nilikuwa najua. Kwenye bloku ni F. Kwenye logibuku ni AB.

Injini yake ya asili niliiuza mimi. Mwaka 2011 mzee alilazwa, bili ikawa inapanda kila siku, na gari lilikuwa limekaa tu. Mtu akanipa pesa taslimu na hii F juu yake, ili gari lisibaki tupu. Sikumwuliza mzee. Aliporudi nyumbani, siku ya tatu alitembea na fimbo hadi kwenye gari, akafungua kifuniko cha nyuma, akatazama muda mrefu, akafunga. Hakuniuliza. Akaliendesha hivyo hadi mwisho, na kila tukipanda mlima ule alikuwa akirudi gia ya pili bila kusema neno. Ndiyo maana nataka ivute. Zamani ilikuwa inavuta.

MzeeWaNgara
Pole sana, mwanangu.

FundiMkimya
Asante kwa kusema ukweli, sasa tunaweza kukusaidia. Hizo 87 zimetengenezwa kuingia kwenye hedi za 1600, ambazo tundu la kuingizia silinda ni milimita 94. Hedi zako za 1300 ni 90. Hazitaingia zenyewe, lazima hedi zikatwe, na inaonekana fundi wako hajalijua hilo. Mwonyeshe hiyo F, hutakuwa umemkosea heshima. Mwambie dipositi ihamie kwenye 85.5, utafute hedi za 1600 za matundu mawili, na bloku iende kwanza kuchongwa. Jumamosi asifunge kitu. Nitapita na geji tupime ile tok. Na namba ya injini peleka NTSA, wale wanaosajili magari, ibadilishwe kwenye logibuku, usije kusimamishwa barabarani na mama ndani.

JichoKali
KobeBuluu, nilikuita mtunzi. Nisamehe. Ile AB uliiuzia nani?

KobeBuluu
Mzee mmoja wa Thika, alikuwa na Beetle nyeupe. Namba yake ninayo mpaka leo. Sijawahi kupiga.

JichoKali
Piga kesho asubuhi.