S2000 ya kilomita 28,000 mnadani Japani: wakala akague nini?

Mtunzaji_TZ
Wakuu, habari za leo. Kuna Honda S2000 AP1 (toleo la kwanza la gari hili la michezo la paa la kukunja) ya 2003 inaingia mnadani Japani wiki hii. Karatasi ya mnada: km 28,000, daraja 4 (hali nzuri kwa jumla), ndani B (ndani pasafi), A1 (mkwaruzo mdogo) bampa la mbele, W2 ubavu wa nyuma kushoto. Turubai la paa ni la asili. Itashukia Dar. Nimwombe wakala anitazamie nini kabla sijaweka dau?

Spana14
Mkuu, anza na hiyo W2. Maana yake paneli ilinyooshwa na kupigwa rangi, na mawimbi yanaonekana kwa macho. Lingekuwa bampa nisingejali, ila ubavu wa nyuma umechomelewa kwenye bodi, haufunguki kwa bolti. Apige picha ndani ya buti, kapeti likiwa limeinuliwa, kushoto na kulia. Silanti (gundi ya kuziba maungio) ya kiwandani hufanana pande zote mbili; ya kushoto ikiwa nene au imepakwa kwa kidole, pamechomelewa upya.

Kilomita zithibitishwe kwa makaratasi. Shaken (ukaguzi wa lazima wa magari Japani) ya kwanza ni baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, kwa hiyo kitabu cha matengenezo kinapaswa kuwa na mihuri yenye kilomita zinazopanda taratibu. Halafu atazame ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, ngozi ya usukani na kirungu cha gia. Kiti kilichochanika na km 28,000 haviendani.

PaaWazi
Naongezea turubai, maana hapo ndipo hela inapopotea. Ya 2003 ina kioo nyuma (za mwanzo zilikuwa plastiki). Kitambaa huanza kukatika ubavuni, nyuma kidogo ya kioo cha mlango, kinapobanwa na fremu wakati wa kukunja. Picha ya paa lililofungwa haionyeshi kitu. Apige likiwa limefunguliwa nusu.

Abonyeze pia kapeti nyuma ya viti kwa kiganja. Maji ya paa hushuka kwenye mirija miwili ya mpira, mmoja kila upande, na majani yakiiziba maji huingia ndani. Ikifika, izibue kwa uzi wa plastiki, kamwe si waya wa chuma, utatoboa mpira. Mimina nusu lita kila upande uone yanatoka chini.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Mlio kama kadi kwenye spoku za baiskeli, upande wa mbele, ni tensheni (kikazio) ya cheni ya injini. Ikitua, pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: ingizo mm 0.21–0.25, moshi mm 0.25–0.29. Gari lililosimama sana hushika kalipa za breki na kuvujisha masta silinda ya klachi, basi usiendeshe kabla ya kubadili maji ya breki, ya klachi na oili ya injini (10W-30).

Bandarini
Kwenye dau: AP1 ni cc 1,997, ushuru wa bidhaa 5%. AP2 (toleo lililofuata) za Japani za mwishoni mwa 2005 kuendelea ni cc 2,156, zinaangukia 10%. Juu yake kuna ushuru wa ziada wa gari chakavu, na TRA (mamlaka ya mapato) wana thamani yao wenyewe ya kukadiria ushuru. Ingiza gari kwenye kikokotoo chao kwanza, kisha kwenye bajeti yako toa ushuru huo, meli, bima na ada ya wakala; kinachobaki ndicho kikomo cha dau. Mpe wakala kikomo hicho kwa yeni, kwa maandishi. Gari huuzwa kwa sekunde chache, hakuna muda wa kupigiana simu. Walioko Kenya, hii haiwahusu: kikomo cha umri wa gari cha miaka 8 kinaizuia.

Mtunzaji_TZ
Nashukuru sana wakuu. Naomba picha za buti na paa nusu leo hii. Zisipokuja kabla ya mnada, siweki dau.