Tupeane uzoefu: maji ya Kivu, majira yakigeuka

Wa Kituku (Goma)
Ndugu, karibuni. Mada ni maji ya ziwa, sasa joto limepanda na mvua haijui tena tarehe yake. Hadithi za "zamani ziwa lilikuwa hivi" tuziache pembeni. Leteni vipimo, vifaa, na makosa yanayoponza watu.

Wa Nguba (Bukavu)
Nianze na upepo, maana ndio unaolisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, upepo na baridi ya usiku huyageuza maji ya juu. Oksijeni inashuka hadi mita 60 hivi, na mbolea iliyotuama chini inapanda. Mwani unastawi, vidudu vinaula, sambaza inavila vidudu. Maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi, upepo uleule unashindwa kuyageuza. Ziwa Tanganyika limekwisha kutuonyesha: tafiti zilizotoka 2003 ziliona ziwa limepata joto, linachanganyika kidogo, na chakula cha samaki kimepungua.

Ila Kivu ina tabia yake. Chini ya mita 100, kadiri unavyoshuka ndivyo maji yanavyopata joto, mpaka nyuzi 26 hivi kule chini kabisa, na bado hayapandi: chumvi na gesi iliyoyeyuka vinayafanya mazito. Wanaosema jua kali litalipua gesi wanachanganya mambo. Jua linafanya kazi ghorofa ya juu tu.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa ya glasi ya lita 1, ifunge jiwe, tia kizibo chenye kamba yake ya pembeni. Shusha mita 20, vuta kizibo, subiri chupa ijae, pandisha haraka, tia kipimajoto palepale. Linganisha na maji ya juu. Tofauti ikifika nyuzi 1, tabaka zimekaa. Zikikaribiana, ziwa linachanganyika. Fanya alfajiri, kwani jua la mchana linapasha juu na kukudanganya. Na usishushe zaidi ya hapo: uzito wa maji unasukuma kizibo ndani, hakivutiki tena.

Wa Kyeshero (Goma)
Asante, papa. Mimi niko upande wa bidoni na klorini, na hapo ndipo watu wanakosea sana.

Maji ya Kivu yana pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi; 7 ni katikati) karibu 9. Kwenye pH 7, takriban robo tatu ya klorini huru iko katika hali yake kali. Kwenye 9 haifiki sehemu 5 kwa 100. Dawa ipo, lakini inaua polepole. Kwa hiyo zile dakika 30 zilizoandikwa kwenye vikaratasi hazitoshi hapa. Acha saa nzima kabla ya kunywa.

Dawa mama: gramu 15 za unga wa klorini (ule wa 65–70%) kwa lita 1 ya maji. Unga ndio unatiwa kwenye maji, si maji juu ya unga. Acha chokaa itulie, tumia maji ya juu yaliyo safi. Chombo kiwe cha plastiki, kisipitishe mwanga, na usikiweke zaidi ya wiki moja. Ikikaa juani kwenye chupa inayopitisha mwanga, unabaki na maji yenye harufu tu.

Kipimo usikariri. Panga ndoo 4 za lita 20, zote maji ya siku hiyo. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia mililita 2, 4, 6 na 8. Koroga, funika, acha ile saa nzima, kisha pima klorini iliyobaki kwa kidonge cha kupimia kiitwacho DPD namba 1. Chagua ndoo yenye kipimo kidogo kabisa ambayo bado ina 0.5 mg kwa lita. Kesho mvua ikinyesha, rudia yote.

Jambo dogo: kile kiboksi cha kupimia cha mabwawa ya kuogelea kinatumia fenoli nyekundu, na ngazi yake inaishia karibu 8.4. Rangi itaganda kwenye nyekundu ya mwisho. Usiandike "pH 8.4", andika "zaidi ya 8.4".

Wa Kadutu (Bukavu)
Mama wa Kyeshero, na mvua ikiteremsha udongo wa milimani? Mto Kawa unafika ziwani umekuwa uji. Kuna wanaotia klorini mara mbili na kunywa vilevile.

Wa Kyeshero (Goma)
Hapana. Udongo na uchafu vinakula klorini, na vijidudu vinajificha ndani ya chembe. Kama huoni sakafu ya ndoo, acha maji yatulie usiku mzima, mimina ya juu kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, ndipo ufanye jaribio la ndoo. Shabu, ile ya kutuliza matope, nayo inafanya kazi vizuri kati ya pH 6 na 8, kwa hiyo kwa maji yetu inaliwa nyingi. Na msichote karibu na mdomo wa mto. Sogeeni mbali na mkondo wake.

Wa Nguba (Bukavu)
Niongeze moja. Siku za jua kali zisizo na upepo, ukiona utando wa kijani kama rangi ya mafuta umesukumwa ufukweni, usichote hapo. Baadhi ya mwani huo una sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Kunapasua chembe za huo mwani na kuimwaga sumu majini. Nenda ufuko ambao upepo unautoka, si ule unaoupigia.

Wa Kadutu (Bukavu)
Sawa. Na kwenye kidaftari muandike saa, mahali na kama mvua ilinyesha jana, la sivyo namba za Nguba na za Kyeshero hatutaweza kuzilinganisha.